Kukata Kwato za Mbuzi Nyumbani

 

Juma lililopita mwenzangu alizungumza nanyi juu ya kuweka akiba ya majani ya kulishia mifugo wakati wa kiangazi. Leo ni zamu yangu, nami nimekuja na jambo dogo. Ni dogo kweli, maana halihitaji fedha nyingi, na kwa mbuzi mmoja halichukui hata nusu saa. Lakini ukilipuuza litakunyang'anya maziwa, na mwisho litakunyang'anya mbuzi mwenyewe. Nataka tuzungumze juu ya kukata kwato za mbuzi wa maziwa tunaowafuga bandani.

Najua wengine mmeanza kucheka. Mnasema, "Tangu lini mbuzi akakatwa kucha kama bibi harusi?" Cheka, ndugu yangu, lakini usiondoke. Nisikilize kwanza.

Ni kweli kwamba wazee wetu walifuga mbuzi miaka mingi bila ya kuwakata kwato. Lakini mbuzi wa wazee wetu walikuwa wakiishi namna gani? Walifunguliwa asubuhi, wakapanda vilima, wakaruka juu ya mawe, wakatembea kutwa nzima kutafuta majani, wakarudi jioni. Ukwato wa mbuzi ni kama ukucha wako wewe: unakua kila siku, haupumziki. Kwa mbuzi wa malishoni, ukwato ulikua kwa upande mmoja na jiwe likaula kwa upande mwingine. Jiwe ndilo lililokuwa tupa ya mbuzi.

Sasa mbuzi wetu wa leo. Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya milima, kama vile Kilimanjaro na Meru, mashamba yetu ni madogo. Kuna migomba, kuna kahawa, kuna mboga za jirani. Mbuzi huwezi kumwachia azurure. Kwa hiyo tumemjengea banda lililoinuliwa, lenye sakafu ya mabanzi, na majani tunamletea horini. Tumefanya vizuri. Minyoo imepungua, na samadi inakusanyika mahali pamoja. Lakini hapo hapo tumemnyang'anya mbuzi tupa yake. Ukwato unakua kama zamani, na hakuna jiwe la kuula. Basi ukimfungia mnyama, tupa yake inakuwa wewe. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Nami neno hilo sikulijua kwa kusoma tu. Nililijua kwa kukosea, na kosa lenyewe nitawaeleza.

Nilipoanza kazi, kituo changu cha kwanza kilikuwa huko huko milimani. Mama mmoja, mjane, alikuwa na mbuzi wa maziwa aliyechanganyika na Toggenburg, akitoa kama lita mbili kwa siku. Maziwa yale ndiyo yaliyokuwa yakinunua madaftari ya wajukuu. Siku moja akaniita. Nikafika, nikamwamkia, "Shikamoo mama," naye akaniitikia, "Marahaba mwanangu. Mbuzi wangu hali vizuri, na maziwa yamepungua. Analala tu."

Nikamtazama mbuzi. Nikamfungua mdomo, nikatazama meno. Nikafunua kope za macho nione kama damu imepungua. Nikashika kiwele, hakikuwa na uvimbe wala joto. Nikasema ni minyoo. Nikampa dawa ya minyoo, nikaondoka. Baada ya majuma mawili akaniita tena. Mbuzi amekonda, na maziwa hayajazi hata kikombe kimoja. Nikamchoma sindano ya vitamini, nikaondoka. Yote hayo mbuzi amelala, nami sikumwinua, wala mguu wake sikuushika.

Niliporudi mara ya tatu, banda lilikuwa tupu. Mama alikwisha muuza kwa mchinjaji, kwa bei ya mbuzi mgonjwa. Hakunigombeza. Alinikaribisha kiti, kisha akaniambia, "Bwana Mifugo, ulimtazama mdomoni, ukamtazama machoni, ukamtazama kiweleni. Miguuni hukumtazama. Nenda kwa mchinjaji ukaione."

Nikaenda. Miguu minne ilikuwa imetundikwa, inangoja wanunuzi wa supu. Kwato za mbele zilikuwa ndefu kupita kidole changu cha kati, zimejikunja kwa juu kama ncha za viatu vya jezi ya ngoma. Kingo zake zilikuwa zimejifunga chini ya unyayo, zikashika samadi ndani, na chini ya ile samadi kulikuwa kumeoza. Yule mbuzi hakuwa na ugonjwa wa tumbo hata kidogo. Alikuwa haendi horini kwa sababu kila hatua ilimuuma. Asiyekwenda horini hali, na asiyekula hana maziwa. Dawa aliyohitaji ilikuwa kisu kikali na nusu saa ya kazi, miezi mitatu kabla ya mimi kuitwa.

Ndugu wafugaji, mbuzi yule siwezi kumrudisha. Ninaloweza ni kukueleza namna ya kufanya ili wako asifike hapo.

Kwanza, ujue kutazama. Kila juma, wakati mbuzi amesimama, inama utazame miguu yake. Ukwato mzuri ukiutazama kwa ubavu, sehemu ya chini inakwenda sambamba na mstari ule ambapo nywele zinaishia na ukwato unaanza. Ukitaka kuona mfano, mtazame kitoto cha mbuzi cha majuma machache. Miguu yake ni mifupi, imekaa sawa chini kama kijisanduku. Huo ndio mfano wako. Ukiona ncha ya mbele imerefuka, au mbuzi anakanyagia kisigino, au kucha mbili za mguu mmoja zimepishana kama mkasi, ujue umekwisha chelewa. Na ukimwona mbuzi anakula amepiga magoti ya mbele, usiseme ni mvivu. Miguu inamuuma.

Pili, vifaa. Huhitaji kwenda mjini. Mkasi wa kupogolea kahawa unafaa sana, mradi uwe mkali na usiwe na kutu. Kisu kifupi chenye makali kinafaa pia. Tafuta na tupa ya kulainishia, kijiti kilichochongwa cha kuchokolea uchafu, maji, sabuni, kitambaa safi na dawa ya ayodini ya vidonda. Mkasi uoshe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuanza, na uuoshe tena kati ya mbuzi mmoja na mwingine. Ukimaliza, uuoshe kabla ya kuurudisha kwenye kahawa.

Tatu, chagua wakati. Kwato zikikauka huwa ngumu kama pembe, maana ni za namna ile ile ya pembe. Baada ya mvua huwa laini. Kama ni kiangazi, msimamishe mbuzi kwenye majani mabichi yenye maji, au mfunge vitambaa vilivyoloana miguuni kwa muda, ndipo ukate. Fanya kazi hii mchana, penye mwanga. Usiifanye kwa taa ya chemli, kwa sababu nitakuambia baadaye kwamba rangi ndiyo itakayokuonya. Na mbuzi mwenye mimba iliyobaki mwezi mmoja kuzaa umwache. Mkate kabla ya hapo, au ungoje azae, usije ukamsukasuka akapata madhara.

Nne, namna ya kumshika. Mfunge kwenye jukwaa la kukamulia au kwenye nguzo, kamba fupi, na umwekee pumba kidogo au majani anayoyapenda. Awepo mtu wa pili wa kumtuliza. Hii ni kazi nzuri ya kumfundisha kijana wako. Usimwangushe chini wala usimpige. Mbuzi aliyeumizwa siku ya kwanza atakupiga mateke siku zote.

Mguu wa mbele ukunje kwa nyuma kwenye goti, kama anavyoukunja mwenyewe akilala. Mguu wa nyuma uinue kwa kuunyoosha kwa nyuma, ukiushikia pale juu kidogo ya ukwato, na paja lako limzuie. Usiuvute mguu kwa upande, maana kiungo cha mbuzi hakikuumbwa kwenda upande. Akianza kupigapiga, shika kwa upole usiachie mpaka atulie. Ukiachia kila anapopiga, utakuwa umemfundisha kwamba kupiga kunasaidia.

Tano, sasa tukate. Nataka unifuate polepole.

Anza kwa kusafisha. Chokoa samadi na udongo wote kwa kijiti, katikati ya kucha mbili na chini ya unyayo. Huwezi kukata usichokiona. Baada ya kusafisha utaona sehemu mbili: ukuta mgumu unaozunguka nje, na unyayo ulio laini katikati. Ukuta ndio unaorefuka na kujikunja. Hauna damu wala hauumi, kama ile sehemu nyeupe ya ukucha wako.

Kata ukuta uliojikunja, kidogo kidogo, mpaka ulingane na unyayo. Kisha kata ncha ya mbele. Kisha tazama kisigino. Kama kimekuwa kirefu, kipunguze kwa kukichana vipande vyembamba, ili mbuzi akisimama, mbele na nyuma zikae sawa. Mwisho hakikisha kucha mbili za mguu mmoja zina urefu mmoja. Pitisha tupa kulainisha, na ukwato mmoja umekwisha.

Sasa sikiliza jambo la rangi. Kila kipande unachokata kiwe chembamba, na kila ukikata tazama pale ulipokata. Ukiona peupe, endelea. Ukiona panaanza kuwa pa waridi, simama hapo hapo. Rangi ya waridi ni damu iliyo karibu. Umefika kwenye nyama hai, na ukikata tena utamuumiza. Mbuzi wenye kwato nyeusi rangi haionekani vizuri, kwa hiyo hao wakate vipande vyembamba zaidi, na ubonyeze kwa kidole gumba kila mara. Mahali panapobonyea kwa ulaini, usikate.

Je, ukikosea damu ikatoka? Usitupe mkasi ukakimbia. Sisi sote tumewahi kuitoa. Kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa bila ya kuachia-achia. Damu ikikatika, paka ayodini, na umweke mbuzi mahali pakavu na pasafi mpaka kidonda kifunge. Asiingie kwenye samadi, maana pepopunda hupita kwenye vidonda vya namna hiyo. Kama damu haikomi, au siku zinazofuata mguu unavimba, muite daktari wa mifugo.

Na kama kwato zimekwisha kuwa ndefu sana, kama zile nilizozieleza? Usijaribu kuzirudisha kwa siku moja. Ukwato ukirefuka kwa nje, na nyama ya ndani husogea mbele pamoja nao. Ukikata zote mara moja utapita kwenye nyama hiyo. Kata kidogo leo, baada ya juma moja au mawili kata tena, mpaka ukwato urudi mahali pake. Mguu ulioharibika kwa mwaka mzima hautengenezwi kwa asubuhi moja.

Labda utauliza, "Nikate kila baada ya muda gani?" Kwa mbuzi wa bandani, mtazame kila juma kama nilivyosema, na ukate kila baada ya miezi miwili, au mitatu ukiona hazikui upesi. Ili usisahau, andika tarehe kwenye mlango wa banda kwa mkaa. Na beberu usimsahau. Beberu akipanda, uzito wote unakwenda kwenye miguu ya nyuma. Beberu mwenye kwato mbovu anakataa kupanda, nawe utamlaumu jike kwamba hashiki mimba.

Unaweza pia kupunguza kazi. Kama una kijiuwanja mbele ya banda, lundika humo mawe makubwa yenye mikwaruzo, yaliyokaa imara. Mbuzi hupenda kupanda mahali pa juu. Akipanda na kushuka, mawe yatamsaidia kula ukwato. Hayataondoa kazi ya mkasi, lakini yataipunguza. Na sakafu ya banda iwe kavu. Ukwato unaokaa kwenye unyevu na samadi siku zote hulainika na kupasuka, na hapo ndipo ugonjwa wa kuoza kwato hupata mlango.

Ugonjwa huo wa kuoza kwato utautambua kwa harufu. Ukisafisha unyayo ukakutana na harufu mbaya sana, na uchafu wa rangi ya kijivu kati ya ukuta na unyayo, mtenge mbuzi huyo na wenzake, kwa sababu ugonjwa huu huambukiza. Mshughulikie wa mwisho, baada ya wazima. Kata sehemu ya ukuta iliyolegea, lakini usichimbe mpaka damu itoke. Kusanya vipande ulivyokata uvichome moto. Halafu mwogeshe miguu kwa mrututu, ule ule mnaoujua kwenye kahawa: nusu kilo katika maji lita 10, kwenye chombo cha plastiki. Asimame ndani kwa dakika kama tano, kisha akae kwenye sakafu kavu saa nzima. Angalieni sana: mrututu ni sumu. Mbuzi asiyanywe maji hayo, na kondoo ndio hudhurika zaidi. Wala usiyamwage mtoni, maana yataua samaki. Kama baada ya hayo hajapata nafuu, muite daktari wa mifugo.

Tena kuna kuchechemea ambako si kazi yako wala si kazi ya mkasi. Ukiona wanyama wengi wameanza kuchechemea kwa pamoja, wana malengelenge mdomoni au katikati ya kwato, na ng'ombe wanatoka udenda, huo huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo. Hapo usikate kitu. Usimhamishe mnyama, usipeleke mnadani. Toa habari kwa ofisi ya mifugo siku hiyo hiyo.

Kabla sijamaliza, neno moja juu ya mbwa. Nilisema kwamba ukimfungia mnyama, tupa yake inakuwa wewe, na mbwa naye tunamfungia. Mbwa wa mlinzi anayeshinda kwenye mnyororo, na hata kile kimbwa kidogo cha watoto kinachokaa ndani, kucha zao haziliwi na ardhi. Tazama hasa kucha ile ya juu, upande wa ndani wa mguu wa mbele. Hiyo haigusi chini kabisa. Inaweza kujizungusha kama pete mpaka ikaingia kwenye nyama. Kwa kimbwa kidogo, kikatio cha kucha cha nyumbani kinatosha, lakini kiwe chake peke yake. Kata ncha tu, na kwenye ukucha mweusi kata kipande chembamba sana kila mara. Ukiona kitone cheusi chenye unyevu katikati ya pale ulipokata, simama. Nanyi msimkate mbwa ambaye hakuchanjwa kichaa cha mbwa. Mbwa yeyote akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Basi, ndugu zangu, turudi kwa yule mama. Mwaka uliofuata alipata mbuzi mwingine, mtamba, kutoka kwa jirani. Nilikwenda kumtembelea bila ya kuitwa, na mkasi wangu mfukoni. Nikamkuta mjukuu wake amekaa kwenye kigoda, mguu wa mbuzi uko mapajani, anakata mwenyewe kwa mkasi wa kahawa. Mama akaniambia, "Karibu, Bwana Mifugo. Leo utazame tu." Nikatazama. Alikuwa akikata vizuri, vipande vyembamba, na alipoona waridi akasimama.

Kesho asubuhi, kabla hujakamua, msimamishe mbuzi wako. Inama, uinue mguu mmoja, uusafishe, uutazame. Hilo tu. Ukiona kuna kazi, utajua namna ya kuifanya. Na ukiona vema, umshukuru Mungu, uandike tarehe kwenye mlango.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kukamua kwa usafi. Kwa herini.